Kilele cha Louth

Mashariki ya Uingereza, kati ya vilima vya Lincolnshire na Bahari ya Kaskazini, pana ukanda wa ardhi tambarare usio na mlima wala msitu wa kumwelekeza msafiri. Anayetoka pwani kwenda magharibi huona ncha nyembamba ya mawe ikichoma anga muda mrefu kabla hajaona paa la nyumba yoyote. Hapo ni Louth, mji wa soko uliokaa kando ya kijito cha Lud, na ncha hiyo ni ya kanisa lake, la Mtakatifu Yakobo. Toka ardhini hadi juu ni takriban mita 87. Katika makanisa ya parokia ya Uingereza yanayotumika kwa ibada leo, hakuna kilele cha Zama za Kati kinachokizidi hicho.

Kilele cha Salisbury ni kirefu zaidi, na cha Norwich pia. Lakini hayo ni makanisa makuu, yaliyojengwa kwa hazina ya maaskofu na mapato ya mashamba yaliyotapakaa kote nchini. Kilele cha Louth kililipiwa na watu wa soko. Waliofikiri jambo hilo, waliokopa fedha, waliowaajiri waashi na waliogombana nao walikuwa watu wa mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa sufu ya kondoo. Miaka 21 baada ya kumaliza kazi, watu wa mji huohuo walifunga milango ya kanisa lao, wakalilinda usiku kucha, na asubuhi yake wakaanzisha maasi yaliyomtikisa Mfalme Henry VIII. Mimi naamini mambo hayo mawili ni hadithi moja, na kwamba anayetaka kuyaelewa maasi lazima aanze na mawe.

Kwanza tuligawe kanisa sehemu mbili, kama sheria ya Kanisa ilivyoligawa. Mashariki ni patakatifu, penye altare kuu, mahali pa padri. Magharibi ni ukumbi wa waumini, mrefu na mpana, na mara nyingi mnara husimama mwisho wake. Katikati ya sehemu hizo kilikuwepo kiambaza cha mbao kilichochongwa, chenye nafasi za kuchungulia, na juu yake ulisimama Msalaba mkubwa, Bikira Maria upande mmoja na Yohane upande wa pili. Muumini aliyepiga magoti ukumbini aliiona Misa kupitia mbao hizo: mishumaa, mgongo wa padri, kisha Hostia ikiinuliwa.

Mgawanyo huo ulikuwa wa ibada, lakini ulikuwa pia wa mfuko. Tangu karne ya 13 kanuni za maaskofu wa Uingereza zilitaka patakatifu patunzwe na mwenye kupokea zaka ya parokia, na ukumbi utunzwe na waumini wenyewe. Paa likivuja juu ya altare, mwenye zaka ndiye alipe. Likivuja juu ya ukumbi, watu wachange. Mwenye zaka mara nyingi alikuwa abasia au kanoni wa kanisa kuu aliyeishi mbali, asiye na hamu ya kutoa zaidi ya kiasi alicholazimika. Waumini walikuwa pale pale. Walibatiziwa ukumbini, wakafungia ndoa mlangoni, na wazazi wao walizikwa chini ya sakafu waliyoikanyaga kila Jumapili. Ndiyo maana ukizunguka Lincolnshire au Suffolk utakuta kanisa baada ya kanisa lenye patakatifu padogo na panyenyekevu, huku ukumbi na mnara vikiwa vimeinuliwa kwa fahari isiyolingana kabisa na ukubwa wa kijiji. Tofauti hiyo ya vimo ni hesabu ya nani alilipa nini, imeandikwa kwa mawe.

Sheria ilikwenda mbali zaidi. Robert Winchelsey, Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1294 hadi 1313, aliacha orodha ya vitu ambavyo waumini walipaswa kuvinunua na kuvitunza: kitabu cha Misa, kikombe, mavazi ya padri, msalaba wa maandamano, kengele na kamba zake, na vingine vingi. Tuikumbuke orodha hiyo. Padri alivitumia vyombo hivyo, lakini vilikuwa mali ya parokia, na parokia ilikuwa na watu wa kuviangalia. Kila mwaka waumini walichagua wazee wa kanisa kati yao, watu wasio na daraja ya upadri, wenye kazi ya kupokea michango, kulipa mafundi, kushika funguo na kuandika hesabu. Katika nchi ambayo mkulima au mshona viatu hakuulizwa maoni na mtu yeyote kuhusu utawala, hapa palikuwa mahali ambapo aliweza kuchagua, kuchaguliwa na kudai kuonyeshwa matumizi.

Kanisa tunaloliona Louth leo si la kwanza mahali hapo. Kabla yake palikuwa na makanisa mengine, nalo la sasa lilianza kujengwa upya kati ya miaka ya 1430 na 1440. Tauni ya 1348 na 1349 ilikuwa imewaua Waingereza wengi mno, pengine zaidi ya theluthi moja, na waliobaki walikuta ardhi nyingi na ujira mkubwa kuliko wa babu zao. Kondoo waliongezeka, na sufu ikaleta fedha katika mikono ambayo hapo awali haikushika fedha. Fedha hizo ziligeuka mawe. Ujenzi wa karne ya 15 ulipenda mistari iliyonyooka, madirisha makubwa yaliyogawanywa na vijiti vya mawe toka chini hadi juu, na nguzo nyembamba zilizowezekana kwa sababu ya tao lenye ncha. Tao la mviringo husukuma uzito pembeni na hudai ukuta mnene. Lenye ncha huuelekeza chini zaidi, hivyo ukuta unaweza kutobolewa kwa kioo na nuru ikaingia.

Ukumbi wa Louth hauna mapambo mengi. Nguvu na mawazo vilihifadhiwa kwa ajili ya mnara. Ulipanda polepole katika nusu ya pili ya karne ya 15, ghorofa juu ya ghorofa, ukiwa na madirisha marefu yanayoufanya uonekane mwepesi kuliko ulivyo. Ukisimama ndani, chini yake, na kuinua macho, unaona mbali sana juu yako dari la mawe ambalo mbavu zake zimefumwa kwa umbo la nyota. Mji wowote ungeweza kuishia hapo kwa heshima. Mnara ulikuwa mzuri, kengele zilikuwa na nyumba.

Mwaka 1501 Louth iliamua kuendelea.

Tunajua mengi kuhusu uamuzi huo kwa sababu kitabu cha hesabu cha wazee wa kanisa, cha kuanzia 1500 hadi 1524, kimesalia. Majengo mengi ya Zama za Kati yamebaki bila majina. Tunakisia fundi, tunakisia gharama. Hapa tunasoma safari za kwenda machimboni, ujira wa waashi, bei ya kamba na mbao. John Cole ndiye mwashi mkuu aliyeanza kazi. Baadaye anatokea Christopher Scune, fundi mwenye sifa ambaye alikuwa pia na kazi katika kanisa la Ripon, kaskazini, na wajenzi wa namna hiyo walikuwa wakigawanya miezi yao kati ya sehemu mbili au tatu. Kwangu mimi kitabu hicho ni sehemu ya jengo, sawa na mnara wenyewe. Kinaonyesha watu wasio mabingwa wa ujenzi wakijifunza, mwaka baada ya mwaka, namna ya kusimamia kazi iliyowazidi kimo.

Mawe yalitoka Wilsford, karibu na Ancaster, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa yenye rangi ya maziwa yaliyoiva. Kutoka huko hadi Louth ni zaidi ya kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, na hakuna mkokoteni unaokwenda kwa mstari ulionyooka. Katika ujenzi wa siku hizo gharama ya kusafirisha jiwe iliweza kuipita bei ya jiwe lenyewe. Kwa hiyo mawe yalichongwa kwa ukaribu na umbo lake yangali machimboni, ili mnyama asivute uzito ambao ungekuja kutupwa kama vifusi.

Kisha jiwe lilipaswa kupanda. Louth ilitengeneza gurudumu kubwa la mbao la kuzungusha kamba, mashine ambayo watu wa huko waliiita Farasi Jike Mwitu, na imetunzwa kanisani mpaka leo. Nguvu yake ilikuwa ya binadamu. Mtu aliyeizungusha mbao ile hakuona chochote cha kilele. Aliona kamba ikijikunja na kusikia sauti za waashi juu yake, kila mwaka zikitoka mbali zaidi.

Kilele cha namna hii ni ganda tupu la mawe lenye pande nane, likiwa limekalia mnara wa pande nne. Hapo tu pana tatizo, kwa kuwa pande nne kati ya nane hazina ukuta chini yake. Waashi waliziba pembe za mnara kwa matao yaliyokatiza kona, na juu ya matao hayo wakapandisha pande zilizobaki. Toka hapo kila safu ya mawe ilikuwa duara lenye kona nane, dogo kidogo kuliko la chini yake. Jiwe hustahimili sana kubanwa, lakini likivutwa hupasuka. Mteremko mkali wa kilele huhakikisha kwamba karibu uzito wote unashuka wima na kuyabana mawe pamoja. Hata hivyo chini kabisa hubaki msukumo unaotaka kufungua ganda hilo kwenda nje.

Jibu la Louth kwa msukumo huo ndilo linalolifanya jengo lipendeze. Juu ya kila pembe ya mnara wamesimamisha mnara mdogo uliochongoka, mrefu na mzito kuliko unavyoonekana ukiwa chini, ambao uzito wake unaibana pembe hiyo ikae mahali pake. Kutoka kila mnara mdogo tao jembamba la mawe linaruka hewani na kugusa ubavu wa kilele. Macho huyachukulia matao hayo kama mapambo, na kwa kweli ni mazuri kama mapambo, lakini yamewekwa penye kazi. Upepo wa Bahari ya Kaskazini hugonga kilele hiki bila kizuizi. Kwenye kona zote nane yamepangwa majani ya mawe yaliyojikunja, yakipanda moja juu ya jingine hadi kileleni, ili mstari mrefu wa jiwe usionekane mkavu dhidi ya anga.

Kazi ilifanyika kwa misimu. Chokaa hukauka polepole na baridi kali huivunja kabla haijashika, kwa hiyo katika ujenzi wa siku hizo majira ya baridi yalipokaribia waashi walifunika ncha za kuta kwa majani makavu au samadi, wakashuka, na kuendelea kuchonga mawe ndani ya kibanda chao. Vipimo vilitegemea vielelezo vya mbao vilivyokatwa na mwashi mkuu. Nyuso nane zilipaswa kukutana juu katika nukta moja, na kosa la upana wa kidole safu za chini lingekuwa aibu ya mji mzima mita 40 juu yake. Walijenga hivyo kwa karibu miaka 15.

Gharama ilifika takriban pauni 305. Pauni moja ilikuwa peni 240, na fundi stadi wa wakati huo alipata kama peni 6 kwa siku. Yaani kilele kilikula ujira wa zaidi ya siku 12,000 za fundi, ambazo mtu mmoja angezifanyia kazi miaka 40 bila kutumia hata peni moja kwa chakula. Hakukuwa na tajiri aliyetoa zote. Kulikuwa na michango, na kulikuwa na vyama vya udugu vya mji, hasa cha Bikira Maria na cha Utatu Mtakatifu, ambavyo vilimiliki nyumba na ardhi na kuwaombea wanachama wao waliokufa. Wazee wa kanisa walipoishiwa, walikwenda kwa vyama hivyo kukopa. Mkopo ulipitishwa kati ya majirani waliofahamiana, na pengine mtu alikuwa mwanachama huku na mzee wa kanisa kule.

Jogoo wa kuonyesha upepo alipandishwa tarehe 13 Septemba 1515, mkesha wa sikukuu ya Msalaba Mtakatifu. Alitengenezwa kwa beseni la shaba lililokuwa la Mfalme James IV wa Scotland, aliyeuawa vitani Flodden tarehe 9 Septemba 1513. Beseni hilo lilikuwa ngawira. Thomas Taylor, mfanyabiashara wa nguo, alimnunua jogoo huyo York na kumtoa zawadi kwa kanisa. Padri William Ayleby na mapadri wenzake walimbariki jogoo pamoja na jiwe la kusimamia, wakaimba wimbo wa shukrani kwa kinanda, na wazee wa kanisa wakaamuru kengele zote zipigwe na watu wote waliokuwepo wapewe mkate na bia. Mwandishi wa hesabu, ambaye kwa kawaida huandika bei za kamba na misumari, aliiandika siku hiyo kwa urefu na kwa furaha ya wazi.

Mtoto wa miaka 10 aliyepewa mkate siku ile alikuwa na miaka 31 mwaka 1536.

Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kufunga nyumba ndogo za watawa na kumpa mfalme mali zake. Abasia ya Louth Park, iliyokuwa jirani ya mji tangu 1139, ilifungwa mwaka huohuo. Kisha vikaja Lincolnshire, karibu kwa wakati mmoja, vikundi vitatu vya maofisa: cha kufunga nyumba za watawa, cha kukusanya kodi, na cha kuwachunguza mapadri. Uvumi ukaota. Ilisemwa kwamba makanisa ya parokia yaliyokaribiana yatavunjwa na kuunganishwa, kwamba ubatizo na mazishi vitatozwa kodi, na kwamba misalaba ya fedha itachukuliwa na kuachwa ya bati. Wanahistoria wengine huueleza uvumi huu kama ushamba wa watu wasiojua siasa. Sikubaliani nao. Parokia ya Louth ilikuwa na kila sababu ya kuuliza: mali iliyonunuliwa kwa amri ya Kanisa lenyewe na kwa peni za mji, mfalme anaichukua kwa haki gani?

Jumapili ya tarehe 1 Oktoba padri wa mji, Thomas Kendall, alihubiri kuhusu ukaguzi uliotarajiwa kesho yake. Kwenye maandamano, watu wakiifuata misalaba mitatu ya fedha, mwimbaji mmoja, Thomas Foster, alisema kwa sauti kwamba waifuate leo, huenda isiwepo kufuatwa tena. Baada ya ibada umati ulizitaka funguo kwa wazee wa kanisa na kumkabidhi mshona viatu Nicholas Melton, ambaye baadaye aliitwa Kapteni Cobbler. Wakalilinda kanisa usiku ule wakiwa na silaha. Jumatatu kengele ilipigwa kutoka mnarani, mji ukajaa, na John Heneage, ofisa wa askofu, akakamatwa na kuletwa kanisani kula kiapo. Vitabu vya karani wa askofu vilichomwa moto sokoni.

Siku chache baadaye maelfu ya watu walikuwa njiani kuelekea Lincoln, wakiwa na makabaila wa eneo hilo waliolazimishwa au waliojitolea kuongoza. Kansela wa askofu, Dakta Raynes, aliuawa Horncastle, na mauaji hayo ni doa ambalo mtetezi wa waasi hawezi kulifuta. Jeshi la Duke wa Suffolk lilipokaribia na jibu kali la mfalme liliposomwa, umati ulianza kutawanyika. Katikati ya Oktoba Lincolnshire ilikuwa imetulia, ingawa moto ulikuwa umekwisha kuvuka kwenda Yorkshire, ambako ulikuwa mkubwa zaidi. Padri Kendall aliuawa Tyburn, London, Machi 1537. Melton pia aliuawa.

Yale waliyoyahofia yalitimia, kwa kuchelewa kidogo. Chini ya Edward VI viambaza vya makanisa vilipoteza Misalaba na sanamu zake, vyama vya udugu vilivunjwa kwa sheria ya 1547, na mwaka 1553 maofisa wa mfalme walipita parokia zote nchini wakikusanya vyombo vya fedha, wakiziachia vichache vya lazima. Louth ilijitahidi kuokoa ilichoweza: kwa hati ya kifalme ya 1551 sehemu ya mali ya vyama vyake ilirudi mikononi mwa mji ili iendeshe shule, chini ya mlinzi mmoja na wasaidizi sita waliotoka mjini humo.

Kilele chenyewe hakikuwa na thamani ya kuyeyushwa, kwa hiyo kikabaki, pamoja na gharama zake. Radi ilipokipiga katika karne ya 19, mji ulilazimika tena kulipa waashi na kupandisha jukwaa la miti. Mwaka 1844, matengenezo yakiendelea, mchoraji wa Louth aitwaye William Brown alipanda jukwaa hilo na kuchora kila alichokiona pande zote: mitaa, mabomba ya moshi, watu wakiwa kazini uani, mashamba, na nyuma yake bahari. Kutokana na michoro hiyo alitengeneza picha mbili kubwa za rangi, ambazo zimetunzwa Louth hadi leo, na watu wa mji huenda kuzitazama wakitafuta nyumba zao.